Wazee wa Kagera na Kapu la Sokoni Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko

Katika kipindi cha miaka mitano, Mkoa wa Kagera umepita katika dharura tatu za afya ya jamii. Ya kwanza ni janga la UVIKO-19, ambalo mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Ya pili ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, uliothibitishwa tarehe 21 Machi, 2023 katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba, na kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huohuo baada ya watu 9 kuugua na 6 miongoni mwao kufariki dunia. Ya tatu ni Marburg tena, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo inayopakana na Muleba, iliyotangazwa tarehe 20 Januari, 2025 na kumalizika tarehe 13 Machi. Katikati ya matukio hayo, kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, nchi jirani ya Uganda ilikuwa na mlipuko wa Ebola, na ukaguzi wa wasafiri katika mpaka wa Mutukula ukaimarishwa.

Kila dharura ilikuja na maelekezo yake, na kwa upande wa wazee elekezo lililosikika zaidi wakati wa UVIKO-19 lilikuwa kupunguza kutoka nyumbani. Kitaalamu elekezo hilo ni sahihi. Mwili wa mtu mwenye umri mkubwa hupambana na maambukizi kwa taabu, na akiwa na shinikizo la juu la damu au kisukari hatari huongezeka. Hata hivyo, elekezo hilo huchukulia kwamba yupo mtu mwingine wa kwenda sokoni. Katika kaya nyingi za Bukoba na Muleba mtu huyo hayupo, kwa sababu mzee ndiye mkuu wa kaya, ndiye mpishi na ndiye mlezi wa watoto.

Wazee wanaolea

Hali hiyo ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vifo vya watu wa umri wa kati viliacha nyumba nyingi zikiwa na vizazi viwili tu, yaani bibi au babu na wajukuu. Baadhi ya wajukuu hao leo ni watu wazima wenye watoto wao, lakini mtindo wa maisha haukukoma. Vijana huondoka kwenda Mwanza, Dar es Salaam au visiwani kuvua, na watoto hubaki kwa bibi.

Ni katika mazingira hayo shirika la Kwa Wazee lilianza kazi mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, kwa kuwapa pensheni ndogo wazee, hususan wale wanaolea wajukuu. Tathmini ya mpango huo iliyochapishwa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo linaeleza kwa kifupi kile ambacho mzee wa Kagera hukifuata dukani, na kwa hiyo ndilo mahali pazuri pa kuanzia mtu anapotaka kumpangia mzee manunuzi wakati wa mlipuko.

Kile kinachotoka kibanjani na kile kinachotoka dukani

Kaya yenye kibanja kinachotunzwa haihitaji sokoni kila kitu. Ndizi, maharage, mboga, maparachichi na kahawa hutoka nyuma ya nyumba. Vinavyotoka nje ni vichache: chumvi, sabuni, mafuta ya kula, sukari, kiberiti, dagaa, na dawa. Kaya ya namna hii, kwa mtazamo wa kinga, ina nafasi nzuri kuliko familia ya mjini Bukoba inayonunua hata mkungu wa ndizi.

Nafasi hiyo imepungua kwa baadhi ya familia. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini wilayani Muleba mwaka 2006 uliharibu vibanja vingi, na kaya zilizopoteza migomba zikajikuta zikitegemea unga wa mahindi na mihogo ya kununua. Mzee mwenye kibanja kilichokufa huenda sokoni mara nyingi zaidi ya jirani yake, na viongozi wa vitongoji wanapoorodhesha kaya zinazohitaji msaada katika kipindi cha mlipuko wanapaswa kulitazama jambo hili kabla ya kutazama ukubwa wa nyumba au paa lake.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si orodha ya vitu bali ni kipimo. Mzee mwenye fedha kidogo hununua kwa kupima: mafuta ya leo, sukari ya leo, kipande cha sabuni cha kutosha siku mbili. Anayenunua hivyo kila siku husimama mbele ya kaunta ya duka mara 30 kwa mwezi, hushika noti na sarafu mara 30, na husalimiana na watu wa rika zote waliojikusanya barazani pale. Anayeweza kununua chumvi, sabuni na mafuta ya wiki mbili kwa pamoja huenda mara mbili. Tofauti hiyo ni kubwa. Isitoshe, anayenunua kwa kupima hulipa zaidi kwa kiasi kilekile, hivyo umaskini humgharimu mara mbili: mfukoni na kiafya.

Njia ya kuvunja mzunguko huo inajulikana vijijini, na haihitaji mradi mpya. Majirani watatu au wanne huchanga, mmoja wao akanunua dumu la mafuta, mche wa sabuni na mfuko wa chumvi kwa bei ya jumla, kisha wakagawana uani, mahali penye hewa, kila mmoja akiwa na chombo chake. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa wanufaika wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoratibiwa na TASAF, ambao malipo yao hayatoki kila wiki, inashauriwa siku ya malipo wanunue kwanza vitu visivyoharibika, kabla fedha haijaanza kumegwa kwa mahitaji madogo madogo. Chumvi haiozi. Sabuni ya mche ikikaa hukauka na kudumu zaidi. Dagaa waliokaushwa vizuri hukaa wiki kadhaa wakitundikwa mahali pakavu, na maharage yaliyokauka barabara hukaa miezi. Huku si kulimbikiza bidhaa. Kulimbikiza ni kununua kinachozidi mahitaji ya kaya na kumfanya mwingine akose, na pale kunapotokea, bei hupanda na wa kwanza kuumia ni mzee aleyale anayenunua kwa kupima.

Siku ya gulio

Mwaka 2020 Tanzania haikufunga masoko. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi na zikafunguliwa zote tarehe 29 Juni, lakini masoko na magulio yaliendelea, na maji tiririka na sabuni vikawekwa milangoni. Uamuzi huo uliwaokoa wengi na njaa. Uliacha pia jukumu kubwa mikononi mwa wanunuzi na wachuuzi wenyewe.

Kwa mzee anayelazimika kwenda mwenyewe, saa ni muhimu kuliko mahali. Gulio la kijijini huanza taratibu asubuhi, wachuuzi wakiwa bado wanapanga bidhaa, na hujaa kadiri jua linavyopanda. Saa ya kwanza ndiyo ya wazee. Uongozi wa soko unaweza kulifanya hili kuwa utaratibu rasmi kwa kutangaza kwamba saa moja ya mwanzo ni ya watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wajawazito na watu wenye ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na utaratibu wa kumpisha mzee apate huduma kwanza tayari upo katika vituo vya kutolea huduma za afya. Hakuna kinachozuia mzani wa dagaa kufuata desturi ya dirisha la dawa.

Soko la wazi, penye upepo, lina hatari ndogo kuliko duka lenye mlango mmoja na watu sita ndani. Mzee asimame nje, ataje anachohitaji, na mwenye duka amletee. Umbali wa mita moja au zaidi ukiwezekana udumishwe, na barakoa ivaliwe ikifunika pua na mdomo pamoja. Barakoa ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila baada ya matumizi na kuanikwa juani, na mtu asiazimane barakoa na mjukuu. Mzee mwenye shida ya kupumua asilazimishwe kuivaa muda mrefu. Huyo ndiye anayestahili kutumiwa mtu.

Jambo moja hutajwa mara chache. Wazee wengi wenye usikivu hafifu hufuata maneno kwa kutazama midomo ya msemaji, na barakoa huwaondolea msaada huo. Matokeo yake ni kwamba mzee humsogelea mchuuzi, humshika mkono, humwinamia. Mchuuzi mwenye busara atapaza sauti, ataonesha bei kwa vidole au ataiandika kwenye kipande cha boksi, na hatamfokea mteja kwa kusogea.

Usafiri nao huhesabika. Kipanya kilichojaa, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mvua za masika, ni mahali pabaya kuliko soko lenyewe. Vioo vifunguliwe hata kidogo. Bodaboda hubeba mtu mmoja katika hewa ya wazi, na kwa upande wa maambukizi ya njia ya hewa ni nafuu, ingawa kwa mzee mwenye mifupa dhaifu hatari ya kuanguka ni lazima ipimwe pia. Kwa wakazi wa visiwa vya Muleba, ambao bidhaa nyingi huwafikia kwa mitumbwi na boti, kuagiza kwa pamoja kupitia mtu mmoja ni nafuu kwa nauli na kwa afya.

Atumwe nani

Pale ambapo mzee anaweza kutuma mtu, uchaguzi wa anayetumwa una uzito. Afaa kuwa mtu mmoja yuleyule kila mara, anayeishi na mzee au karibu naye, ambaye shughuli zake hazimkutanishi na umati. Kijana anayeshinda kijiweni au mwaloni Kemondo anaweza kuwa na nguvu na moyo wa kusaidia, lakini yeye ndiye anayekutana na watu wengi zaidi. Shule zilipofungwa mwaka 2020 wajukuu walibaki nyumbani na wakawa msaada mkubwa. Walikuwa pia ndio wanaozurura. Mtoto atumwe dukani kwa orodha inayoeleweka, arudi moja kwa moja, na anawe mikono kabla ya kuingia ndani.

Kibuyu chirizi kinatosha kwa kazi hiyo: dumu dogo lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni iliyotundikwa kando. Kiwekwe mlangoni, si chooni pekee. Kunawa kunakostahili kuitwa kunawa huchukua sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kapu likifika liachwe barazani, vitu vitolewe, mikono inawiwe tena. Mwanzoni mwa janga watu wengi walipulizia dawa kila kifurushi. Utafiti uliofuata ulionesha kwamba UVIKO-19 husambaa hasa kwa njia ya hewa na kwa ukaribu wa watu, na kwamba hatari kutoka kwenye vifungashio ni ndogo. Matunda na mboga zioshwe kwa maji safi na salama kama siku zote. Zisioshwe kwa sabuni wala dawa ya madoa, kwani kumeza kemikali hizo ni hatari ya uhakika kuliko ile inayokwepwa.

Salamu ni suala gumu zaidi. Katika jamii ya Kihaya kumpita mzee bila kumsalimu kwa heshima ni kosa, na mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kutoka chombo kimoja. Heshima inaweza kubaki bila mguso: goti hupigwa kutoka mbali, na kahawa hugawiwa kila mtu punje zake badala ya mikono yote kuingia katika chombo kimoja. Lubisi kwa kibuyu au mrija wa pamoja ni jambo la kuahirishwa hadi mlipuko upite. Mgeni akae nje barazani, mazungumzo yaendelee. Kumtenga mzee kabisa kuna madhara yake, kwani mzee asiyetembelewa hukosa hamu ya kula, na asiyekula hudhoofika haraka.

Fedha za simu na watu wa kutuma ujumbe

Kutuma fedha kwa simu kumewapunguzia wazee safari nyingi. Mtoto aliye Mwanza anaweza kumlipa mwenye duka wa Kamachumu moja kwa moja, na bidhaa zikamfikia mama yake bila yeye kutoka. Hata hivyo, wazee wengi hutegemea mjukuu au wakala awasomee ujumbe na kuwabonyezea simu, na hapo ndipo wizi huingia. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni mtumishi wa Serikali anayegawa msaada wa janga. Hakuna msaada wa Serikali unaotolewa kwa kutanguliza ada. Ujumbe au namba ya kitapeli itumwe kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mzee asiyeona vizuri achague mtu mmoja anayemwamini na amwombe amsomee salio kila baada ya muamala.

Marburg si UVIKO-19

Wananchi wa Bukoba walioishi katika milipuko yote miwili wanaweza kuchanganya kinga zake, na kuchanganya huko kuna gharama. UVIKO-19 husambaa kwa hewa, hivyo hatari kubwa iko penye msongamano, likiwamo soko. Marburg haisambai kwa hewa. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, pamoja na mashuka na nguo zilizochafuka. Popo wala matunda ndio wanaojulikana kuhifadhi virusi hivyo. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi, na ndiyo sababu mlipuko hutangazwa kumalizika baada ya siku 42, yaani mara mbili ya muda huo, bila mgonjwa mpya.

Kwa hiyo, wakati wa Marburg mzee hayumo hatarini zaidi sokoni. Hatari imo chumbani kwa mgonjwa na msibani. Akina mama wazee ndio kwa kawaida huuguza, hufua nguo za mgonjwa na huosha maiti, na wanafanya hivyo kwa sababu jamii inawaheshimu kwa kazi hiyo. Familia yenye mgonjwa mwenye homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa damu isimwachie bibi amuuguze nyumbani. Itoe taarifa mara moja, na msiba ukitokea, timu ya afya isimamie maziko. Kinga ya sokoni katika kipindi hicho ni kunawa mikono, kutoshikana, na kutonunua wala kula matunda yaliyong'atwa na popo au nyama ya wanyama wa porini iliyookotwa.

Dawa, kliniki na taarifa

Kapu la mzee lisihesabiwe kuwa limekamilika bila dawa. Katika kila mlipuko wapo wanaoacha kwenda kliniki kwa hofu ya kuambukizwa, na mzee anayeacha dawa za shinikizo la damu anaweza kupata kiharusi pasipo kirusi chochote kumgusa. Aulize kituoni kama anaweza kupewa dawa za muda mrefu kuliko kawaida, na afike mapema kupitia dirisha la wazee akiwa na kitambulisho chake cha matibabu. Chanjo nayo ni sehemu ya maandalizi. Ilipozinduliwa kitaifa tarehe 28 Julai, 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilielekezwa kwanza kwa watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu.

Dalili kwa mzee si lazima zifanane na za kijana. Homa inaweza isiwe kali. Badala yake mzee hukataa chakula, huchanganyikiwa ghafla, huanguka, au hulala kuliko kawaida yake. Anayeishi naye ndiye atakayeona kwanza, na kwa mzee anayeishi peke yake jukumu hilo ni la jirani na la mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anapaswa kuwa na orodha ya wazee wa kitongoji chake na kuwapitia. Baraza la wazee la kijiji lisaidie kuijaza orodha hiyo.

Taarifa za mgonjwa au kifo kinachotiliwa shaka zitolewe katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa mtendaji wa kijiji, au kwa kupiga simu Wizara ya Afya namba 199 bila malipo, saa zote.